Barua ya wazi kwa wanaoamua ugunduzi upi ni ugunduzi

Kwa: Wakuu wa tume za sayansi na teknolojia, makamu wakuu wa vyuo vikuu, mabaraza ya mitihani na waandaaji wa mashindano ya sayansi, Afrika Mashariki.

YAH: NAMNA MADAI MAPYA YA KISAYANSI YANAVYOPIMWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa sayansi, mafundi sanifu wa maabara na watafiti. Kila mwaka mnatoa fedha, vyeo, vikombe na alama kwa kinachoitwa ugunduzi, lakini vigezo mnavyotumia vinapima mambo mengine: idadi ya makala, jina la jarida, ukubwa wa jina la mwandishi na, kwa mwanafunzi, jibu lake limelikaribia kiasi gani jibu la kitabu. Ombi letu ni moja. Dai jipya lihukumiwe kwa kupimwa upya na mtu asiye na maslahi nalo, na kazi hiyo ya kupima upya iwe na fungu la fedha, iwe na alama darasani, na imhesabie mtu anapoomba kupanda daraja.

Kesi ya kwanza mnaijua, maana haikosekani kwenye hotuba. Shida ni kwamba husimuliwa nusu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kusubiri yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi zilikuwa chache, akawahi kuyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yakiwa bado uji mzito. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na habari tofauti: wao waliweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena katika somo la kanuni ya Newton ya kupoa, na akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaufanya msemo huo utani wa kila siku.

Siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, Mpemba aliuliza mbele ya wote: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja kikianza na nyuzijoto 35 na kingine 100, vikiwekwa kwenye friza kinatangulia kuganda kile cha 100, kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini, ila aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudisha taarifa kwamba maji ya moto kweli yametangulia, na kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Jina la Mpemba, aliyekuwa kijana wa Chuo cha Wanyamapori Mweka wakati huo, liliwekwa mbele ya jina la mhadhiri.

Hapo ndipo hotuba huishia, makofi yakafuata. Kilichoachwa ndicho chenye faida kwenu.

Jambo lenyewe lilipimwaje? Osborne alitumia bika (vikombe vya kioo vya maabara) za Pyrex za mililita 100, kila moja na maji mililita 70 yaliyokwisha kuchemshwa ili kutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Bika ziliwekwa juu ya kipande cha povu gumu ndani ya friza ya jokofu la nyumbani, ili joto lisipite chini. Muda mrefu kabisa wa kusubiri barafu ianze ulikuwa kwa maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi. Yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalitangulia kwa tofauti kubwa. Wakamwagia juu utando wa mafuta, na maji yakachelewa kuganda kwa masaa. Maana yake joto jingi lilikuwa likitokea juu, kwenye uso wa maji. Wakakadiria pia mvuke uliopotea, wakaona hautoshi peke yake kueleza tofauti ile.

Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, Uingereza, walilirudia jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, hawakuona dalili ya kuaminika kwamba ya moto yanatangulia, na wakaonyesha kwamba ukipandisha au kushusha kipimajoto kwa kama sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata matokeo yanayofanana kabisa na yale yaliyodaiwa. Miaka mitano kabla yao, James Brownridge wa Marekani alikuwa ameyapata maji ya moto yakitangulia, lakini pale tu yale ya baridi yalipopoa mbali chini ya sifuri bila kuganda. Tangu 2017 wanafizikia wa nadharia wameonyesha kwa hesabu kwamba mfumo wa moto unaweza kufikia hali ya utulivu kabla ya ule wa vuguvugu, na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, walilionyesha kwa chembechembe ndogo zinazoelea majini na kuongozwa kwa mwanga wa leza. Kwa hiyo kuhusu maji kwenye friza mjadala haujafungwa. Kuhusu mifumo mingine jambo lipo, na linaitwa kwa jina la mwanafunzi wa Magamba.

Msimamo wetu ni huu. Mpemba hakuonewa na waliompinga mwaka 2016, kwa sababu walipima. Alionewa na waliomcheka bila kuwasha friza. Hata ikithibitika kesho kwamba maji ya moto hayatangulii kamwe, waliomcheka hawatakuwa wamepata alama yoyote, maana hawakufanya kazi yoyote. Na anayeimba leo kwamba Mtanzania aliwashinda wazungu, bila kusoma kilichopimwa, yuko benchi moja na wale.

Tukae kidogo hapa, kwa sababu jaribio linaloonekana la kitoto linafundisha kuhukumu kuliko semina nyingi. Hoja ya mwalimu ilikuwa nzuri: maji ya nyuzi 100 lazima yapitie 35, na yakifika 35 yatachukua muda uleule ambao yale mengine yalianza nao, kwa hiyo hayawezi kuyapita. Kasoro imejificha kwenye sharti ambalo halikutajwa, kwamba maji yaliyoshuka hadi 35 ni sawasawa na maji yaliyoanzia 35. Si sawasawa. Yamepungua uzito: kama joto lote kutoka nyuzi 90 hadi 25 lingetoka kwa mvuke, gramu 100 zingepoteza kama gramu 12. Yana mzunguko ndani yake, ya juu yakishuka na ya chini yakipanda. Yana hewa kidogo zaidi. Na kama chombo kimekaa juu ya sakafu ya friza yenye theluji, cha moto kimeiyeyusha theluji hiyo na sasa kinagusa chuma kikavu, wakati cha baridi bado kimelalia zulia linalozuia joto kutoka.

Anayetaka kulipima dai hili shuleni au chuoni afanye hivi. Kwanza aandike, kabla ya kugusa chochote, “kuganda” ni nini: punje ya kwanza ya barafu, kufika nyuzi 0, au kuwa gumu hadi katikati. Hizo ni nyakati tatu tofauti, na watu wamebishana miaka mingi huku kila mmoja akisoma wake. Maji yote yachemshwe pamoja, yagawanywe kwa mizani na si kwa jicho, gramu 100 kila bika, na yapimwe tena mwishoni. Moja ya bika ipashwe hadi 80 na nyingine ibaki 30. Asiandike 100 kwa mazoea. Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushee, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na ile 100 ya swali la Mpemba ni namba ya kitabu, haikuwa ya jiko la Mkwawa. Vipimajoto viwili vya waya vihakikiwe kwanza ndani ya barafu iliyopondwa yenye maji, vyote visome sifuri, kisha vifungwe kwa kibano cha mbao, ncha zote kina kimoja, tuseme sentimita 2 kutoka chini, visiguse kioo. Asomaye asiwe aliyeweka, na asijue bika ipi ni ipi.

Halafu arudie. Jaribio moja halina maana hapa, kwa sababu maji safi hupoa hadi nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji, na barafu huanza pale vumbi au mkwaruzo wa kioo unapoipa mahali pa kushika. Hiyo ni bahati nasibu. Jozi 10 zikiwekwa, upande wa kushoto na wa kulia ukiamuliwa kwa kurusha sarafu, na kama kweli hakuna tofauti, nafasi ya maji ya moto kushinda mara 9 au zaidi ni 11 kati ya 1,024, kama asilimia 1. Hapo mtu ana la kusema. Friza isifunguliwe katikati. Mlango ukifunguliwa, au umeme ukikatika, jozi hiyo iandikwe kwamba imeharibika na sababu yake, isifutwe. Vyote hivi ni mizani, bika, vipimajoto viwili, friza, kibano na daftari la kurasa zenye namba. Shule nyingi zenye maabara zinavyo tayari, isipokuwa huenda vile vipimajoto vya waya.

Turudi kwenye maneno ya yule fundi, kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Yanachekesha, lakini ndiyo mafunzo tunayowapa watoto. Katika majaribio ya shule, jibu linajulikana kabla. Mwanafunzi anayepima mvuto wa dunia kwa kamba na jiwe akapata 9.1 anajua atakatwa alama, na aliyekaa jirani akiandika 9.8 anapata zote. Wote wanajua kuna kupika data. Walimu wanajua, wasahihishaji wanajua. Yule wa 9.1 pengine alikuwa na kosa la kweli la kufundishia: alipima urefu wa kamba hadi juu ya jiwe badala ya katikati yake. Kwa urefu wa sentimita 50 hadi katikati ya jiwe lenye kipenyo cha sentimita 7, hilo peke yake linashusha jibu kwa asilimia 7, yaani kutoka 9.8 hadi karibu 9.1. Angeulizwa tu, angelipata. Alama zingetolewa kwa jedwali lisilofutwa, kwa makadirio ya kosa na kwa maelezo ya kwa nini namba imetoka hivyo. Baraza la mitihani linaweza kubadilisha hili kwa waraka wa kurasa mbili wa usahihishaji, bila kununua kifaa hata kimoja.

Kijana huyo wa kupika ndiye tunakutana naye akiwa mtafiti. Hapiki tena kwa mkono. Anapima vitu 20 na kuripoti kile kimoja kilichoonyesha tofauti. Kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5, ukipima vitu 20 visivyo na uhusiano wowote, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana cha maana kwa bahati tu ni asilimia 64. Haihitaji udanganyifu, ni kusahau tu kuvitaja vile 19. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilipotangaza matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida mazuri, matokeo yenye uzito wa kitakwimu yalipatikana katika asilimia 36 tu ya marudio, wakati karibu zote za awali zilidai kuyapata. Hizo zilikuwa zimepita kwa wahakiki. Na hapa kuna dhana tunaomba muiweke kando: mhakiki wa jarida harudii jaribio. Wawili au watatu husoma kurasa, hutazama kama hoja inashikana, huuliza maswali, mara nyingi bila malipo na usiku. Ni ulinzi wa mlangoni. Makala iliyopita kwa wahakiki imepewa ruhusa ya kuanza kuhukumiwa.

Sasa ugunduzi wenyewe unatoka wapi. Tutoe mfano wa Kampala, kwa sababu fomu zenu za ruzuku zingeuzuia.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago. Mwaka 1957 alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini, na muda mfupi baadaye akaona mwingine hospitali nyingine. Kesi moja angeipita. Ya pili ndiyo iliyomfanya afungue mafaili, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya uvimbe huo. Swali lake lililofuata lilikuwa la kijiografia: unapatikana wapi na haupatikani wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma hospitali za serikali na za misheni, akiuliza kama wameuona. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walizunguka kwa gari wiki 10, kama maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha kwamba karibu na ikweta uvimbe haukuwepo juu ya futi 5,000 hivi, na kadiri unavyokwenda mbali na ikweta mpaka huo unashuka. Ugonjwa unaofuata joto na mvua ulitoa fununu kwamba mdudu au kirusi wanahusika. Hakukuwa na mashine yoyote ya gharama katika hatua hiyo.

Mapema mwaka huohuo, Burkitt alizungumza kwenye hospitali moja ya London na Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alikuwa ukumbini. Sampuli zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alitafuta kirusi kwa muda mrefu bila kupata kitu. Desemba 1963, ukungu uliifanya ndege itue Manchester badala ya London, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa na utusitusi, na kila aliyefanya kazi maabara anajua utusitusi maana yake bakteria wameingia: mwaga, osha, andika “imeharibika”. Epstein akaweka tone chini ya hadubini kwanza. Hapakuwa na bakteria. Zilikuwa seli hai za uvimbe, zimebanduka kutoka kwenye kipande na kuelea. Kwa kuziotesha zikiwa zinaelea, jambo lililokuwa limewashinda, walipata seli za kutosha, na mapema 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kwa hadubini ya elektroni. Ni kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Fungueni sasa fomu ya ruzuku. Kuna safu ya “matokeo tarajiwa”, safu ya viashiria, na ratiba ya robo mwaka. Ule utusitusi ungeingia safu ipi? Mtafiti anayebadilisha njia ya kuotesha seli katikati ya mradi huandikiwa barua ya kueleza kwa nini ameacha malengo mahususi. Hatusemi fomu zifutwe. Fedha ni za umma na lazima zifuatiliwe. Tunasema asilimia 10 ya kila ruzuku iachwe kwa jambo lisilotarajiwa, masharti yakiwa mawili tu: liandikwe kwenye daftari siku lilipoonekana, na lielezwe mwisho wa mwaka hata kama halikuzaa kitu.

Mfano wa tatu unatoka Kongo, nao ni mgumu zaidi kwa sababu wapinzani walikuwa na hoja.

Wakati wa mlipuko wa ebola Kikwit mwaka 1995, timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe iliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakaishi, katika ugonjwa uliokuwa ukiua wengi wa waliougua pale. Wanasayansi wa nje wakasema hakuna kundi la ulinganisho; tena wagonjwa wale walitibiwa mwishoni mwa mlipuko, huduma ikiwa imeboreka, na baadhi walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari. Pingamizi zote hizo ni halali. Kwa watu 8 wasio na wa kulinganishwa nao, huwezi kutenganisha dawa na bahati. Lakini pingamizi halali lina jibu moja tu, kupima, na kipimo cha kura kwa tiba iliyotokana na damu hiyo kilikaa miaka zaidi ya 20 kabla ya kufanyika.

Kilipokuja, kilikuja vizuri. Kingamwili moja, yaani protini ya mwili inayopambana na ugonjwa, ilichukuliwa kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit, miaka 11 baada ya kuugua kwake. Novemba 2018, katikati ya mlipuko wa Kivu Kaskazini, jaribio likaanza Beni na baadaye Butembo, Katwa na Mangina: dawa nne, mgonjwa akipangiwa kwa kura, wote wakipata huduma ileile ya maji na chumvi mwilini. Wagonjwa 681 walihusishwa. Agosti 2019 kamati huru ya usalama ililisitisha mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa karibu asilimia 50 na 53 kwa dawa mbili, na asilimia 35 na 33.5 kwa zile nyingine mbili. Ile ya asilimia 35 ndiyo iliyotokana na damu ya Kikwit, na Desemba 2020 iliidhinishwa Marekani. Kama jaribio la namna hiyo liliwezekana Beni, penye risasi na vituo vya tiba kuchomwa moto, tusiambiwe na chuo chenye uzio na jenereta kwamba kundi la ulinganisho ni gharama.

Kuna jambo la majina pia. Mwaka 1976, katika mlipuko wa kwanza wa ebola Kongo, Muyembe ndiye aliyefika kijiji cha Yambuku mapema na damu ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Kwa miaka mingi simulizi za ugunduzi wa ebola zilimtaja kwa nadra. Osborne mwaka 1969 alionyesha kwamba kulitanguliza jina la aliyeuliza swali hakumpunguzii mtu hadhi. Tume zinazotoa vibali vya utafiti, COSTECH ya Tanzania, NACOSTI ya Kenya na UNCST ya Uganda, zina nafasi ya kudai hili kabla sampuli haijavuka mpaka: mkataba wa kuhamisha sampuli utaje nani atakuwa mwandishi, nani anabaki na nusu ya sampuli, na data ghafi itarudi lini. Baada ya ndege kuondoka hakuna wa kumdai. Na fundi sanifu aliyepima aandikwe jina, si kushukuriwa kwa wadhifa wake chini kabisa ya makala.

Kuhusu vyeo tutasema kwa ufupi, maana wengi wenu mnajua hali ilivyo. Kamati ikihesabu makala, watu watazalisha makala. Utafiti mmoja utakatwa vipande vinne. Ada italipwa kwa jarida linalokubali ndani ya wiki moja bila swali. Majina yatabadilishanwa kama zawadi za harusi. Badala ya orodha, mwombaji alete kazi tatu anazozionea fahari, na wajumbe wazisome. Kusoma kazi tatu kwa makini ni siku moja ya mjumbe. Wamuulize: ulidai nini ambacho hakikujulikana? Ni matokeo gani yangekuonyesha kwamba umekosea, na uliyaandika kabla au baada? Data ghafi iko wapi, na mtu mwingine anaweza kuifungua leo mbele yetu? Nani amerudia, na alipata nini? Aliyerudia kazi ya mwenzake na kukuta haisimami ahesabiwe sawa na aliyegundua, hata kama aliyekosolewa ameketi kwenye kamati hiyohiyo. Hapa ndipo patakuwa na vita, tunajua.

Waandaaji wa mashindano ya sayansi, nanyi tunawaomba jambo dogo. Meza za maonyesho zimejaa mitambo inayowaka taa, na waamuzi hupita dakika tano kila meza. Mtoto mwenye swali na jedwali la vipimo 40 hana taa ya kuwasha. Wekeni kundi la tuzo kwa ajili ya swali lililopimwa vizuri, na jingine kwa ajili ya kurudia matokeo ya mshindi wa mwaka uliopita. La pili lingetuambia pia ni washindi wangapi wa mwaka uliopita walistahili.

Kwa kuanza tunapendekeza kila tume itenge asilimia 3 ya bajeti ya ruzuku kwa marudio peke yake. Ichague madai 10 yaliyochapishwa nchini ambayo watu wanayategemea, mathalani viwango vya mbolea, dawa za asili zinazouzwa, uimara wa tofali au njia za kusafisha maji. Maabara mbili zisizohusika zipewe itifaki moja, yaani maelekezo ya jaribio, iliyosajiliwa kabla ya kazi kuanza, aliyechapisha mwanzo apewe nafasi ya kuisoma na kuikosoa mapema ili asilalamike baadaye, na matokeo yachapishwe yakiwa mazuri au mabaya. Yatakayoanguka tusiyatangaze kama kashfa. Mara nyingi sababu huwa ni mizani isiyohakikiwa, kemikali iliyopita muda wake au sampuli ndogo mno.

Tunaomba pia kila taasisi itujibu kwa maandishi, ndani ya siku 60: katika mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani cha fedha zenu kilikwenda kupima upya jambo lililokwisha kudaiwa na mtu mwingine? Kama ni sifuri, iandikwe sifuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa sayansi, mafundi sanifu wa maabara na watafiti

Nakala: Wahariri wa majarida ya vyuo vikuu, wakuu wa maabara za shule za sekondari.